Mrejesho: Kereng'ende wakubwa weusi wenye manjano

Niliuliza namna ya kuwatofautisha kereng'ende wakubwa weusi wenye mistari ya manjano bila kuwakamata, nikashauriwa nianze na macho badala ya rangi. Ushauri huo umenifaa sana. Kwa kutumia darubini na kumngoja mdudu atue, nimeona kwamba wale wa familia ya Gomphidae macho yao yameachana waziwazi, ilhali ya wale wa jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Cordulegaster yanagusana kidogo tu juu ya kichwa, na ya jenasi ya Macromia yanakutana kwa mstari mrefu, huku kifua chake kikizungukwa na mkanda mmoja wa manjano. Uvimbe wa ncha ya tumbo, ambao wengi huutegemea kuwatambua Gomphidae, nauona ni alama dhaifu, kwa kuwa majike wengi wa Gomphidae wana uvimbe mdogo au hawana kabisa. Jike wa Cordulegaster ndiye rahisi kuliko wote: husimama wima hewani juu ya maji ya kina kifupi, akichoma mchanga mara kwa mara kwa kiungo chake kirefu cha kutagia mayai. Dume wake huruka chini karibu na maji akifuata kijito, kwa hiyo picha zangu zake nyingi zina ukungu. Ili kutofautisha spishi za jenasi moja, sasa ninapiga pia picha za viambatisho (vijisehemu vinavyochomoza) vya ncha ya tumbo, kutoka juu na kutoka ubavuni.