Mjadala: Kodi iliyoandikwa na akili mnemba ikataliwe kwenye miradi ya programu huria?

Mleta mada

Wakuu, kuna swali linalowagawa watu wa programu huria (zile ambazo kodi yake, yaani maagizo yanayoandikwa na waandishi wa programu, iko wazi kwa watu kuisoma na kuichangia), na pande zote mbili zina watu ninaowaheshimu. Naomba tulijadili bila kutupiana maneno.

Aprili 2024 baraza la Gentoo, mfumo wa uendeshaji unaotumia Linux, lilipiga kura kukataa mchango wowote uliotengenezwa kwa msaada wa akili mnemba. Walitoa sababu tatu: hakimiliki, ubora na maadili. Mwezi uliofuata NetBSD, mfumo mwingine wa uendeshaji, wakaweka sharti lao: kodi ya namna hiyo inahesabiwa kuwa na doa, na haiingii bila idhini ya maandishi kutoka timu kuu. Mwaka 2025 QEMU, programu ya kuiga kompyuta ndani ya kompyuta nyingine, nao wakakataa. Linux wameshika njia nyingine. Zana hawajaikataza, ila akili mnemba hairuhusiwi kutia saini. Anayetia saini ni binadamu, na akishatia saini amebeba kila mstari uliomo.

Saini hiyo ina historia yake. Mwaka 2003 kampuni ya SCO iliishtaki IBM ikidai kwamba mali yake ya mfumo wa Unix imeingizwa kwenye Linux. Mwaka uliofuata Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akaleta utaratibu kwamba kila anayetuma kiraka (badiliko la kodi analoomba liingizwe kwenye mradi) aweke mstari wenye jina lake na barua pepe yake, kuthibitisha kuwa ana haki ya kukitoa. Utaratibu ule uliletwa kwa ajili ya ugomvi wa mali, lakini mimi naona ndio unaotufaa leo kwa jambo hili.

Nieleze kwa nini. Nasaidia kutunza maktaba ndogo ya kusoma tarehe, yaani kodi inayotumiwa ndani ya programu nyingine. Juzi kimeingia kiraka kutoka kwa mgeni, maelezo yamepangwa vizuri, majaribio yote (kodi inayokagua kama programu inafanya kazi sawasawa) yanapita. Hitilafu iliyokuwa inashughulikiwa ni kwamba programu ilikuwa inaipokea tarehe 29 Februari hata kwa mwaka ambao Februari ina siku 28. Kiraka hakikugusa kabisa mahali panapokagua mwaka. Kilichobadilishwa ni jaribio lenyewe: awali lilidai programu itoe kosa, sasa likawa linaikubali tarehe hiyo na kuisogeza hadi 1 Machi. Basi kila kitu kikaonyesha kijani. Nikamwuliza aliyekituma: kwa nini umebadilisha jaribio ukaacha ukaguzi? Jibu likaja papo hapo, refu, limeanza kwa kunishukuru kwa swali zuri, likaeleza faida za majaribio kwa jumla, likaishia hapo. Swali langu halikuguswa. Nikauliza tena kwa maneno mengine, nikaletewa kiraka kipya kilichofuta jaribio zima.

Kugundua hilo kulinila jioni nzima, maana ukikuta majaribio yanapita huanzi kwa kuyashuku majaribio. Hapo ndipo penye uzito wa suala hili kwangu. Gharama ya kuandika kodi imeshuka mno, lakini ya kuisoma kwa makini iko palepale, na wasomaji hawajaongezeka. Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandishi wa programu, waliliona mapema: Desemba 2022, ChatGPT ikiwa haijamaliza hata wiki mbili tangu itoke, walizuia majibu yake kwa sababu mengi yalikuwa na makosa ilhali yanaonekana sahihi na ni rahisi kuyatoa.

Pamoja na hayo, siungi mkono marufuku. Kiraka kile kingekuwa kibaya vilevile kama mtu angekiandika kwa mkono. Kosa la yule mgeni ni kutuma kitu asichoweza kukitetea. Msimamo wangu ni huu: tumia zana uitakayo, lakini ukiulizwa kuhusu mstari wowote ujibu mwenyewe, kwa kichwa chako. Ukishindwa, kiraka kinarudi bila mjadala. Nawasikiliza.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, nakubaliana na kila ulichosimulia ila hitimisho lako. Unasema anayetia saini abebe dhamana. Anathibitisha nini hasa? Kwamba ana haki ya kutoa kodi hiyo. Sasa mtu aliyepewa kodi na mfumo uliofunzwa kwa mamilioni ya faili za watu, zenye leseni za kila aina, atajuaje kama mistari ile imenakiliwa kutoka mahali fulani au la? Hajui, wala hana njia ya kujua. QEMU walisimama hapo hapo: hali ya kisheria haijaeleweka kiasi cha mtu kuweka saini yake kwa dhamiri safi. Kesi iliyofunguliwa Marekani Novemba 2022 dhidi ya GitHub, Microsoft na OpenAI kuhusu Copilot, zana yao ya akili mnemba ya kuandika kodi, imetokana na malalamiko ya namna hii. Na mahakama ya rufaa ya Washington D.C. ilisema Machi 2025 kwamba hakimiliki inahitaji mtunzi binadamu. Mradi unaotegemea hakimiliki ili leseni yake iwe na nguvu hauwezi kulipuuza hilo.

Kuna hoja nyingine najua itakuja, kwa hiyo niitangulie. Wengine husema mambo haya tumeyapitia. John Backus na wenzake wa IBM walipoitoa lugha ya programu ya Fortran mwaka 1957, pamoja na kompaila yake (programu inayogeuza kodi ya mtu kuwa maagizo ya mashine), waandishi wengi wa programu waliamini mashine haiwezi kutoa maagizo mazuri kama ya mkono wa mtu. Wakashindwa, na leo hakuna anayelilia lugha ya mashine. Kwa hiyo, wanasema, akili mnemba ni kompaila ya kizazi kipya.

Siyo kweli. Kompaila ukiipa faili ileile na mipangilio ileile inakupa matokeo yaleyale. Ikikosea, kosa linaonekana tena na tena hadi lirekebishwe kwa wote. Na muhimu kuliko yote, ulichokiandika wewe kinabaki: kodi chanzo imehifadhiwa, kesho mwingine anaisoma, anaibadilisha, anaipitisha upya kwenye kompaila. Kwa akili mnemba tunachotupa ni yale maelezo tuliyoyaandika wenyewe, halafu tunahifadhi kilichotoka kwenye mashine. Nia ya mwandishi haimo popote kwenye hazina ya mradi. Miaka mitatu baadaye mtunzaji mpya anafungua faili na kuuliza kwa nini sharti hili lipo, na hakuna hata mtu mmoja duniani aliyewahi kuwa na jibu.

Marufuku ni sharti fupi, linaeleweka na kila anayekuja. Hilo lako la "aweze kujitetea" linamtaka mtunzaji kwanza asome, aulize, asubiri, apime jibu. Umeshampotezea jioni yake kabla hujakataa chochote.

Mchangiaji wa pili

Mimi mikono yangu ina maumivu ya mishipa kutokana na miaka mingi ya kibodi. Siwezi kuchapa kwa muda mrefu. Naizungumzia kompyuta, akili mnemba inageuza maneno yangu kuwa kodi, naisoma, narekebisha kwa sauti, naendesha majaribio. Kodi hiyo naijua mstari kwa mstari kwa sababu muundo wake nimeuwaza mimi. Chini ya sharti la Gentoo mchango wangu hauingii. Ndugu yangu hapo juu asipoliona hilo, sheria yake itatufungia nje watu ambao ndiyo kwanza tumepata njia ya kurudi kwenye kazi.

Halafu, mtaitambuaje? Hakuna chombo cha kuaminika cha kusema mstari huu umeandikwa na mashine. Marufuku itawakamata waaminifu wanaojitaja, na wale wanaotuma takataka watanyamaza na kuendelea.

Na naomba tusijidanganye kwamba kodi ya binadamu ni salama kwa kuwa ni ya binadamu. Mkumbuke xz, programu huria ya kubana data. Mtu aliyejiita Jia Tan alijenga imani kwa zaidi ya miaka miwili, anatuma viraka vizuri, anajibu maswali, hadi akakabidhiwa utunzaji wa mradi, kisha akapenyeza mlango wa siri kwenye matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Kwa kigezo cha mleta mada, Jia Tan angefaulu. Angejieleza vizuri kuliko sisi sote hapa. Aliyetuokoa, Machi 2024, ni Andres Freund, ambaye alikuwa anapima mambo mengine kabisa akaona muda wa kuingia kwenye mashine kwa SSH (njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali) umepanda kutoka kama sekunde 0.3 hadi 0.8. Wengine wangepuuza nusu sekunde. Yeye alifuatilia mpaka akaufikia mzizi.

Tena tazameni hali iliyomruhusu Jia Tan aingie. Mtunzaji wa xz alikuwa karibu peke yake, amechoka, amesema hadharani kwamba hali yake ya afya ya akili si nzuri, na bado watu walikuwa wanamsukuma kwenye orodha ya barua pepe kwamba mradi unakwenda polepole. Tukitaka kuzungumzia hatari, tuanze na wale watu wachache wanaobeba vitu vinavyotumiwa na dunia nzima.

Mchangiaji wa tatu

Mimi nauliza tu kama faida yenyewe ipo. METR, taasisi ya kupima akili mnemba, walitoa utafiti Julai 2025: wataalamu 16 wenye uzoefu, kazi 246, kwenye miradi huria wanayoijua vizuri. Kabla ya kuanza walitarajia akili mnemba iwapunguzie muda kwa asilimia 24. Walipopimwa, muda uliongezeka kwa asilimia 19. Na hata baada ya kumaliza waliamini wameharakishwa kwa asilimia 20! Zana zimebadilika tangu hapo, na anayeanza kwenye mradi mgeni anaweza kuwa na hali tofauti. Lakini mtu asituambie "mimi inanisaidia" akadhani amethibitisha kitu.

Mleta mada

Nashukuru. Nianze na la mikono, kwa sababu hilo limenigusa na ndilo linalonifanya nizidi kukataa marufuku ya jumla. Mtu anayefikiri, anayesoma na kurekebisha kila mstari ni mwandishi kamili. Sheria inayomwondoa yeye huku ikimwacha mwenye vidole vizima anayenakili asichokielewa kutoka popote ni sheria iliyolenga vibaya.

Kwenye hakimiliki, ndugu, umenibana kweli. Sina jibu linaloondoa shaka yote. Ninachoweza kusema ni kwamba shaka haiko sawa kwa kila kiraka. Kurekebisha mistari miwili ya ukaguzi wa mwaka ni kitu kimoja. Kuleta faili nzima ya mistari mia nane, yenye mbinu ya kubana data iliyotoka kusikojulikana, ni kitu kingine, na hiyo ya pili mimi ningeikataa hata kama imeelezwa vizuri. Hapo niko karibu na NetBSD kuliko nilivyoonekana mwanzo: idhini iombwe kabla, kwa kazi kubwa.

Kuhusu Jia Tan, ni kweli kigezo changu kisingemzuia. Sikukileta kwa ajili ya mhalifu mwenye subira. Nimekileta kwa ajili ya mafuriko, na mafuriko ndiyo yanayomchosha mtunzaji mpaka amkabidhi Jia Tan funguo. Mambo hayo mawili yanashikana.

Na kuna mfano mmoja unaonishikilia kwenye msimamo wangu. Daniel Stenberg anayeongoza curl, programu huria ya kuhamisha data mtandaoni, amekuwa akilalamika hadharani tangu Januari 2024 kuhusu ripoti za usalama zilizoandikwa na akili mnemba: zinasomeka kitaalamu, zina hatua na vichwa vya habari, na udhaifu unaodaiwa haupo. Kila moja lazima isomwe, kwa kuwa huwezi kupuuza ripoti ya usalama. Lakini mwaka 2025 Stenberg huyohuyo alisifu hadharani orodha ya hitilafu zilizoibuliwa kwa zana za akili mnemba, kwa sababu zilikuwa hitilafu za kweli, na nyingi akazirekebisha. Zana ni za ukoo uleule. Aliyezishika ndiye aliyekuwa tofauti. Angepiga marufuku mapema, hitilafu zile zingebaki ndani ya programu iliyomo kwenye simu, magari na seva kila mahali.

Lililobaki ni jioni ya mtunzaji, na hapo mchangiaji wa kwanza ana haki ya kudai jibu la vitendo. Napendekeza mgeni awe na kiraka kimoja tu kilicho wazi kwa wakati mmoja mpaka kipitishwe au kikataliwe. Aandike mwenyewe, kwa lugha yoyote anayoimudu hata ikiwa mbovu, kwa nini badiliko linahitajika. Kama alitumia akili mnemba aitaje, bila kuhukumiwa kwa kuitaja. Na kiraka kinachogusa jaribio lililokuwepo kisisomwe kabisa hadi kieleze sababu ya kuligusa.

Mchangiaji wa kwanza

Hilo la jaribio nalichukua leo hii, nalipeleka kwenye mradi wangu. La kiraka kimoja pia. La kujitaja bado silikubali. Umesema asihukumiwe, lakini mtunzaji aliyechoka akiona viraka kumi kati ya ishirini vimetajwa hivyo, atasoma vile kumi vingine kwanza, na ambaye hakusema ukweli ndiye atakayefaidi. Nataka kusikia kwa mtu ambaye mradi wake umejaribu kanuni hiyo kwa muda: waliojitaja walipungua au waliongezeka?