Marfan na macho: lenzi za mtoto zimehama

MamaT: Habari zenu wapendwa, mwanangu ana Marfan, ule ugonjwa wa kijenetiki wa tishu zinazoshikilia viungo vya mwili, na miwani tunabadilisha kila mara, juzi daktari wa macho kamtia dawa ya kupanua mboni akasema lenzi zimehama kwenda juu, sasa ni lazima apasuliwe? Naogopa sana jamani

Mrefu: Pole mama. Mi pia nina Marfan na zangu zimehama, hutokea kwa zaidi ya nusu yetu maana vinyuzi vinavyoshikilia lenzi vimeundwa kwa protini iitwayo fibrilini na ndo hiyo yenye hitilafu. Kama miwani inamsaidia wanamfuatilia tu.

Dada_Nesi: Naongezea, cha kuogopa zaidi ni retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kubanduka. Akianza kuona mwanga unamwekamweka, vidoti vyeusi vingi vya ghafla au kama pazia linashuka upande mmoja, msisubiri kesho, nendeni siku hiyohiyo. Presha ya jicho nayo ipimwe. Ndondi hapana kabisa. Moyo je, ashapigwa eko, yaani ultrasound ya moyo?

MamaT: Eko hatujaambiwa!

Dada_Nesi: Ombeni haraka, mshipa mkuu wa damu unaweza kutanuka bila dalili yoyote.