Munaosema bahari haipandi, njooni mulime nyinyi hili bonde

Assalaamu alaykum. Mimi humu ni msomaji tu, siandiki. Leo roho imejaa, na nikinyamaza nitakuja kumvunjia heshima mtu mzima mbele za watu.

Kwetu ni Pemba, wilaya ya Mkoani. Shehia siitaji, wahusika wamo humu na watajijua. Tuna bonde la mpunga, chini yake pana tuta, mbele ya tuta mikoko, na mbele ya mikoko bahari. Tuta walilinyanyua wazee kwa majembe, waliofuata wakaongeza mawe, na kila lilipokatika watu walikusanyana wakaliziba. Safari hii limekatika pabaya. Bamvua likija, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanaingia mpaka kwenye majaruba, yanalala juu ya mpunga, yakipwa yanaondoka yenyewe na chumvi inabaki. Asiyelima asidhani ni hasara ya msimu mmoja. Chumvi ikishaingia ardhini unasubiri mvua ziioshe, na ukipanda kabla haijatoka, miche inageuka manjano na kufa ikingali midogo. Konde la mama yangu hivi sasa linaota majani ya pwani.

Tukakaa kikao. Waliopo wakatoa nguvu zao, walio nje wakaahidi pesa za mawe, saruji na lori. Fungu kubwa lilikuwa la mkubwa wetu mmoja aliyeko Maskati. Namheshimu, na Mungu amlipe, paa la msikiti wetu ni mabati yake. Siku ya kutuma pesa ilipofika, pesa hazikuja. Ukaja ujumbe wa sauti, mrefu, kwenye kikundi cha WhatsApp cha shehia: amechunguza, bahari haipandi, hizi ni hadithi za wazungu za kutisha watu wapate kula pesa za miradi, na yeye hatoi hata shilingi kuzuia kitu ambacho hakipo.

Kitu ambacho hakipo!

Hilo ningelimeza, mtu yuko mbali. Kilichonikata maini ni watu wa hapahapa, ambao asubuhi wanapita kwa miguu kwenye hiyo chumvi, kuanza kumjibu "umesema kweli mkubwa", "tumezidi kudanganywa", na mmoja baada ya mwengine kujitoa kwenye mchango. Sijui waliamini kweli au walipata sababu ya kubana mifuko. Naona walipata sababu.

Haya, hoja zake. Ya mwanzo alituma na video. Glasi ya maji, vipande vya barafu vinaelea, barafu ikayeyuka, maji hayakumwagika. "Munaona?" Tumeona, yakhe. Barafu inayoelea ikiyeyuka haipandishi maji, na hakuna mwanasayansi anayelipinga hilo. Lakini barafu inayotukera sisi haielei. Imekaa juu ya nchi kavu, Greenland na Antarctica na vileleni mwa milima, na ikiyeyuka hayo ni maji yanayoongezeka baharini. Tena barafu si hesabu yote, maana maji yakipata joto hutanuka. Jopo la kimataifa la wanasayansi, IPCC, lilisema katika ripoti yake ya 2021 kwamba karibu nusu ya kupanda kwa bahari baina ya 1971 na 2018 kumetokana na huko kutanuka. Glasi haiwezi kukuonyesha hilo. (Na angeiweka juani Maskati mwezi wa sita ingekauka kabla hajamaliza kurikodi.)

Hoja ya pili ndiyo iliyowateka watu, na lazima niseme ina uzito. Alileta grafu ya kipimo cha maji cha bandarini Unguja, inaonyesha bahari inashuka. Hapo hakusema uongo. Alisema nusu. Kipimo kile kina rikodi tangu 1984, na ni kweli kwamba tangu miaka ile mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000 maji yalikuwa yanapungua. Hakuna aliyelificha, wanasayansi wenyewe ndio walioliandika na kulitafutia sababu. Sababu waliyoiona ni upepo: mwendo wa pepo juu ya Bahari ya Hindi ulibadilika, maji yakapungua upande huu wetu na kuongezeka kwengine. Sisi ambao maisha yetu yote yamekwenda kwa kusi na kaskazi ndio leo wa kushangaa kuwa upepo unahamisha maji? Kisha kipimo hichohicho, bandari hiyohiyo, kikageuka kikaanza kupanda. Grafu aliyotuma inaishia kabla ya hapo. Nani aliyeikata? Namuuliza kwa heshima zote, mkubwa wangu: umeikata wewe au umetumiwa ikiwa imeshakatwa?

Kwa dunia nzima, bahari imepanda kiasi cha sentimita 20 baina ya 1901 na 2018. Mpaka 1971 mwendo wake ulikuwa milimita 1.3 kwa mwaka. Baina ya 2006 na 2018 ulifika 3.7. Tangu 1993 kuna na satelaiti zinazopima kutoka juu, kwa hiyo asije mtu kuniambia vipimo vyote ni vya vijiti vya bandarini.

Niliposema sentimita 20 barazani nikachekwa. Mzee mmoja, mvuvi wa miaka mingi, akaniambia maji hapa yanajaa na kupwa kupita urefu wa watu wawili, sasa sentimita zako ni nini? Na ni kweli, bamvua kubwa kwetu linafika mita 4 kutoka kupwa hadi kujaa. Nilitaka kumjibu, adabu ikanizuia, wacha nijibu hapa. Tuta halikatiki maji yakiwa mafu. Halikatiki hata kwa bamvua la kawaida. Linakatika katika ile saa moja ya bamvua kubwa la mwezi wa tatu au wa tisa, upepo unapiga kutoka baharini, maji yamepanda yamefika ukingoni na kimebaki kidogo tu yamwagike upande wa pili. Hicho kidogo ndicho walichotuachia wazee walipopima tuta lao, na ndicho kinacholiwa mwaka hadi mwaka. Maji yakishapata pa kupita juu, tuta la udongo limekwisha: yanalichimba upande wa bondeni, na asubuhi unakuta pengo la kupitisha mtumbwi. Kwa hiyo usinipimie bahari kwa mita zake nne. Nipimie ule ukingo.

Mwengine akaleta habari za mwezi, kwamba una mzunguko wa miaka 18.6 unaozidisha na kupunguza bamvua. Sahihi kabisa, upo. Lakini mzunguko hupandisha kisha ukashusha. Unaweza kueleza kwa nini miaka fulani ni mibaya zaidi, hauelezi kwa nini kiwango chenyewe cha maji kinazidi kupanda.

Na munaosema njama za wazungu. Wazungu gani? Exxon, kampuni ya mafuta ya Marekani, iliambiwa na mwanasayansi wake mwenyewe, James Black, mwaka 1977, kwamba kuchoma mafuta na makaa ya mawe kunaipasha dunia joto. Baadaye kampuni hiyohiyo ikatoa pesa kwa vikundi vya kuwatia watu shaka. Ukitaka njama, basi hiyo ipo na karatasi zake zipo. Wenye visima vya mafuta walilipa maneno yale yasemwe, na leo watu wasio na hata kibatari wanayasema bure.

"Ni kudra ya Mungu." Naam, kila kitu ni kudra. Paa la msikiti lilipovuja mbona hatukuiachia kudra? Tuliomba mabati.

Sasa subirini, maana nahisi watu wa semina za mazingira wameshaanza kunipigia makofi. Nyinyi pia munanihusu, tena pengine zaidi.

Mikoko iliyokuwa mbele ya tuta letu haikukatwa na mabadiliko ya tabianchi. Ilikatwa na mashoka, na wenye mashoka tunawajua, wengine ni jamaa zangu wa damu. Mikandaa imekwenda boriti, misinzi imekwenda kuni, iliyobaki imeingia kwenye matanuri ya chokaa. Mchanga wa pwani umechotwa usiku kwa gari za ng'ombe. Mikoko inavunja nguvu ya mawimbi na kushika tope, ukiitoa unaliacha tuta likipigwa uso kwa uso. Haya yote yakatendeka, kisha akija mgeni mwenye kalamu na daftari tunamwambia "tabianchi, tabianchi", kwa sababu tumeshajua ndilo neno analotaka kuliandika. Uongo huo ni wetu, na unawapa nguvu akina mkubwa wa Maskati. Yeye amezaliwa hapa. Anakumbuka mikoko ilikuwa na unene gani. Akisikia lawama yote imetupiwa anga, bila shaka atasema munanidanganya, na akishasema hivyo kwa moja atalisema kwa yote.

Mfano wenyewe ni kile kisiwa cha Maziwe, kule mbele ya Pangani. Kinapenda kutajwa kwenye semina kuwa ni kisiwa kilichomezwa na tabianchi. Kimepotea ndiyo, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, lakini kinapoelezwa vizuri hutajwa pia ukataji wa miti iliyokuwa imeushika mchanga wake. Kwa nini sehemu hiyo inaachwa? Bahari inapanda, ukweli huo unatosha, hauna haja ya kuongezewa chumvi. Mukiongeza, mtu akaja kuigundua, ndiyo basi tena, hata kipimo cha milimita hatakiamini.

Kuna na ofisi moja, siitaji. Walikuja kuliangalia tuta na gari mbili nzuri. Wakatupanga, wakatupiga picha, wakatugawia fulana zilizoandikwa tuhifadhi mazingira, wakaahidi ripoti. Fulana zimeshakuwa matambara ya kufutia mashine za boti. Ripoti haijaja. Serikali ina mkakati wa mabadiliko ya tabianchi wa Zanzibar tangu 2014, uchumi wa buluu unatajwa kila hotuba, na mimi siupingi, mkakati ni mzuri kuusoma. Lakini mkulima aliyetandikiwa mkeka wa semina, akalishwa biriani na kurudi bondeni akakuta pengo lilelile, usimlaumu akisema ni miradi ya watu kula. Sehemu hiyo ya ujumbe wa mkubwa wetu sikuipinga kikaoni na siipingi hapa. Kosa lake ni kutoka kwenye "wanakula pesa" akarukia "bahari haipandi". Mwizi akiiba dawa hospitali, maradhi hayawi uongo.

Asiyetaka mambo ya vipimo na akawaulize wanawake wa mwani. Kilimo hiki kilianza kibiashara Unguja, Paje na Jambiani, mwaka 1989, na sasa mwani mwingi unatoka Pemba. Aina ya mwani iitwayo kotonii ndiyo yenye bei, na ndiyo isiyostahamili joto: maji ya kina kifupi yakichemka jua la kaskazi inapata maradhi, inakuwa nyeupe na kukatika. Wengi wameiacha wakabaki na aina ya pili, spinosamu, yenye bei ya kusikitisha. Hawa hawakuhitaji fulana kuyajua haya.

Mkubwa wangu, najua unasoma, umeletewa kiungo kabla sijamaliza kuandika. Pesa ni zako, usitume ukiwa hutaki. Ila kwenye kikundi tuma na nusu ya pili ya ile grafu, kwa sauti ileile, na urefu uleule.

NYONGEZA, usiku:

Nimesoma majibu. Anayesema nimelipwa na shirika: ningekuwa nimelipwa ningenunua mawe.

Anayesema Afrika haichafui kitu, kwa nini tuumie sisi: sikubishii. Bara zima ni karibu asilimia 4 tu ya hewa chafu ya ukaa ya dunia, na Pemba huioni hata kwa darubini. Wadaiwa walipe, nitakuwa wa mwanzo kushangilia. Lakini hilo ni dai la kumpelekea mchafuzi, halizibi pengo la bamvua linalokuja, na kwanza huwezi kudai fidia ya kitu huku unasema hakipo.

Aliyeuliza kwa nini tusiyaache majaruba ya chini, tukayarudishia mikoko na kuvuta tuta nyuma: wewe ndiye umenikalisha kitako. Limesemwa kikaoni na likazomewa, maana majaruba ya chini yana wenyewe, na wenyewe ni wajane watatu ambao hawana pengine. Kitaalamu naona una haki. Tuta la nyuma lingekuwa fupi, la rahisi zaidi, na lenye kinga mbele yake. Lakini nani atawakatia wale wajane kipande juu? Waliokuwa wakipiga kelele kuwa bahari haipandi ndio wenye makonde ya juu. Nimeliandika, nitalipeleka tena kikaoni hivyo hivyo, na safari hii nitataka kila mwenye konde la juu ajibu kwa jina lake.

Wanaoniandikia pembeni kuomba namba ya kutuma mchango: hapana. Kamati haikusanyi pesa humu, na mtu yeyote atakayewapa namba kwa jina la bonde hili ni tapeli. Wa shehia yetu wanamjua mshika fedha.