Nimekabidhiwa stoo ya kemikali, mapipa yamechanganywa ovyo na moja limevimba. Naanzia wapi?

mtunza_stoo

Habari zenu wakuu, naombeni msaada kwa wenye uzoefu. Nimehamishiwa stoo ya kemikali hapa kazini, aliyekuwepo kaondoka bila kunikabidhi vizuri, karatasi za usalama zipo nusu nusu. Ndani kuna mapipa ya lita 200 ya kila namna, kuna thina (lebo inasema tolueni), asetoni, tindikali ya salfa, ile klorini ya maji ya kusafishia yaani haipokloraiti ya sodiamu, na kwenye kona peroksaidi ya haidrojeni. Yote chumba kimoja, mengine sakafuni mengine juu ya paleti za mbao, na katikati ya sakafu kuna mfereji mmoja unaopokea kila kinachomwagika.

Sasa kuna pipa moja la plastiki la bluu huko kwenye kona limevimba, mfuniko umepanda juu kama tumbo na pipa lenyewe halisimami sawa. Mengine mawili hayana lebo kabisa. Nyuma ya jengo kuna matupu ya thina ambayo mafundi wa kuchomelea wanayataka wayakate wafanye ya maji. Bosi anataka stoo ipangwe upya haraka, nami naogopa kusogeza kitu nisichokijua. Mngekuwa nyie mngeanza na nini?

kemia_wa_zamu

Mkuu anza na hilo lililovimba, na kuanza nalo maana yake USILIGUSE. Usilifungue, usiligonge, usilisogeze, usimtume kijana wa kazi akalegeze kizibo "kidogo tu ipumue". Toa watu kwenye hicho chumba, funga njia, zuia moto na foklifti karibu na hapo, halafu piga simu kwa aliyewauzia na kwa zimamoto wa kwenu uwaeleze ni kemikali gani ziko mle ndani.

Nikikisia kutokana na maelezo yako (bluu, plastiki, kona ya peroksaidi), hiyo ni peroksaidi inavunjika. Peroksaidi yenyewe hata ikikaa kwa amani inajivunja polepole kuwa maji na oksijeni, ndio maana vizibo vyake huwa na tundu maalumu la kupumulia. Mtu akija akakipoteza kile kizibo akaweka cha kawaida kisicho na tundu, oksijeni haina pa kutokea. Mbaya zaidi ikiingiwa na uchafu, kutu, vipande vya shaba, au mtu karudisha mabaki toka kwenye ndoo, hapo inavunjika kwa kasi na inatoa joto, na joto linaongeza kasi, inajisukuma yenyewe mpaka pipa linapasuka. Lita moja ya peroksaidi ya asilimia 50 ikivunjika yote inatoa karibu lita 200 za oksijeni, sasa zidisha kwa pipa zima uone.

Ukiona linatoa mvuke, linalia, au plastiki imelainika, hapo tena si suala la stoo, ni kuhama jengo.

chuma_moto

Mnatisha watu bana. Mapipa huwa yanavimba jua likipiga, unalegeza kizibo linapumua basi maisha yanaendelea. Na hayo matupu mpeni fundi, tunakata kila siku, unasuuza na maji kidogo unapiga grenda.

afisa_usalama_kiwandani

@chuma_moto kaka kwa heshima zote, hiyo ya matupu ndiyo inaua watu wa fani yako. Pipa lililojaa thina halina nafasi ya mvuke, lile "tupu" ndilo lina mvuke umechanganyika na hewa tayari kwa kulipuka, na kikombe kimoja tu cha thina kilichobaki kwenye mshono wa chini kinatosha kabisa kujaza pipa zima. Kusuuza na maji hakusaidii maana tolueni haichanganyiki na maji, inabaki imejificha kwenye mshono, ukipasha moto inatoka. Mfuniko wa pipa ndio unaoruka kwanza na fundi huwa ameinama juu yake. Hayo matupu yafungwe vizibo, yaachwe na lebo zake, yarudi kwa muuzaji au kwa wenye kazi ya kuyasafisha. Na kufanya ya maji ya kunywa au kuoga ndio kabisa hapana.

Kuhusu kuvimba, ni kweli pipa la thina lililokaa juani linaweza kutunisha mfuniko na likipoa likarudi. Ila huwezi kujua kwa macho kama ni joto tu au kuna kemikali zinaitikiana ndani, na hili liko ndani kivulini, kwa hiyo sababu ya jua haipo.

Sasa mtunza_stoo turudi kwenye upangaji. Wengi wanafikiri kutenganisha ni kuweka huyu ukuta huu na yule ukuta ule. Ubaya wa stoo yako mimi nauona kwenye huo mfereji. Tindikali ya salfa ikivuja usiku na klorini ya maji ikivuja wiki hiyo hiyo, hata zikiwa mita kumi mbalimbali zinakutana mferejini na hapo inatoka gesi ya klorini, ile ya kijani-njano iliyotumika Vita Kuu ya Kwanza huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini na kujaa kwenye mashimo, mtu anashuka kusafisha mfereji harudi. Kwa hiyo ukipanga usiulize tu pipa limekaa wapi, uliza kikimwagika kinaelekea wapi na njiani kinakutana na nani.

Kwa hivyo ulivyotaja ningekuwa na makundi manne, kila moja na beseni lake au ukuta wake mfupi wa kuzuia, bila mfereji wa pamoja. Thina na asetoni pamoja, chumba chao chenye hewa na mbali na umeme wa cheche. Tindikali peke yake. Klorini ya maji peke yake, mbali na tindikali kuliko kitu kingine chochote, na kwenye ubaridi. Peroksaidi peke yake, mbali na thina na mbali na MBAO, hizo paleti za mbao chini ya peroksaidi zitolewe mapema kabisa (ukishamalizana na lililovimba lakini, sio kabla), maana ikivujia kwenye mbao kavu inaweza kuwasha moto wenyewe bila kiberiti. Tumia paleti za plastiki.

Ukubwa wa beseni nao watu hukosea. Uingereza kanuni inayotumika sana ni asilimia 110 ya chombo kikubwa kuliko vyote au asilimia 25 ya jumla yote, unachukua iliyo kubwa. Marekani kwa taka hatarishi ni asilimia 10 ya jumla au chombo kikubwa kizima, nayo unachukua iliyo kubwa. Tuseme una mapipa 12 ya lita 200, jumla 2,400, kwa Uingereza inatoka lita 600 na kwa Marekani lita 240. Angalia sheria ya kwenu inasemaje, ikiwa kimya mimi ningeenda na 600, na beseni likikaa nje maji ya mvua yanakula hiyo nafasi kwa hiyo litolewe maji mara kwa mara, baada ya kuhakikisha ni maji kweli.

mtunza_stoo

Nashukuru sana wakuu. Nimetoa watu wote, lile pipa nimelipiga picha toka mlangoni nikavuta karibu kwa simu, lebo inasomeka peroksaidi asilimia 50 na kizibo ni cha kawaida kweli, hakina tundu. Muuzaji kasema timu yake inakuja na zimamoto wamejulishwa, wameniambia nisiingie. Bosi amenuna lakini kakubali.

Wakati nasubiri, haya mawili yasiyo na lebo nayafanyeje? Mmoja hapa ananiambia nifungue ninuse nitajua.

kemia_wa_zamu

Usinuse! Kuna kemikali pumzi moja inatosha, na nyingine zinauwa uwezo wa kunusa kwanza ndo unafikiri imeisha.

Pipa lisilo na lebo lihesabu kuwa lina kitu kibaya kuliko vyote ulivyonavyo mpaka ithibitike vinginevyo. Ila pipa lenyewe linaongea kidogo, angalia ile chapa iliyogongwa au kumwagwa kwenye mwili wake yenye herufi UN kwenye duara. Ikianza na 1A1 ni chuma, 1H1 ni plastiki, yote ya mfuniko usiotoka, na ndani ya huo mstari kuna mwaka wa kutengenezwa tarakimu mbili. Haikwambii kilichomo, inakwambia tu pipa lilitengenezwa kubeba nini, lakini ukiunganisha na kumbukumbu za manunuzi unapunguza ubashiri. Na mapipa ya plastiki kwa kanuni za usafirishaji yana umri wa miaka 5 tu tangu yatengenezwe, yakizidi hapo usisafirishie tena kemikali hatarishi hata kama yanang'aa. Yaweke (kama hayavuji na hayajavimba) kila moja kwenye beseni lake, andika HAIJULIKANI na tarehe, mwite mtu wa maabara achukue sampuli.

mzee_wa_foklifti

Mie nizungumzie kusogeza maana hapo ndipo vidole na migongo huenda. Watu wanaona mapipa yote ni sawa kwa sababu yanafanana, lakini lita 200 za asetoni ni kilo 160 hivi, lita 200 za tindikali ya salfa kali ni zaidi ya kilo 360 bila pipa. Kijana aliyezoea kuinamisha pipa la asetoni peke yake na kuliviringisha kwa ukingo akijaribu la tindikali linamlalia. Usiruhusu mtu kudaka pipa linaloanguka, liache lianguke, pipa linanunulika.

Foklifti bila kishikio cha mapipa ni balaa, wanabeba pipa kati ya uma mbili au wanalisukuma kwa ncha ya uma, kidogo tu imetoboa na umeogesha sakafu. Kama kishikio hakuna basi yapande juu ya paleti, manne, yafungwe mkanda. Au toroli ya mapipa ya magurudumu mawili yenye ndoano ya kushika ukingo wa juu. Na kabla ya kusogeza lolote kaza vizibo vyote viwili, lile la inchi 2 na lile dogo la robo tatu, utashangaa mangapi yamefungwa kwa tambara.

chuma_moto

Sawa nimewasikia kwenye kukata. Ila kumimina thina je, si unatega tu ndoo? Au mnatumia kompresa, sisi tunapuliza hewa kwenye kizibo kidogo inatokea kwenye kikubwa, haraka sana.

afisa_usalama_kiwandani

Kompresa iacheni leo hii. Pipa si mtungi wa gesi, halikuundwa kubeba presha, mfuniko unaruka, na kwa thina unakuwa umeongeza hewa kwenye mvuke unaowaka. Tumia pampu ya mkono, na fungua kile kizibo kidogo hewa iingie la sivyo pipa linajinyonya na kukunjamana. Pampu nayo ichaguliwe, ya alumini usiipeleke kwenye viyeyusho vyenye klorini kama daikloromethani, vinaweza kuitikia vibaya sana, na tindikali ina pampu yake ya plastiki inayofaa.

Ndoo sasa. Thina ikitiririka inajichaji umeme tuli, tolueni hasa kwa sababu haipitishi umeme, ile chaji inakaa humo. Mvuke wa tolueni unawaka kuanzia nyuzi 4 tu, asetoni hasi 20, kwa hiyo kwenye chumba cha kawaida mvuke upo muda wote, kinachosubiriwa ni cheche. Ndoo ya plastiki huwezi kuiunganisha na waya, chaji haina pa kwenda. Tumia ya chuma, waya mmoja toka pipa kwenda ndoo, mwingine toka pipa kwenda ethi (ardhini), na kibano king'ate mpaka chuma kitupu, ukikibana juu ya rangi umefanya mapambo. Mrija ufike karibu na chini ya ndoo isirushe. Waya unafungwa KABLA ya kufungua na unatolewa baada ya kufunga, sio katikati.

mtunza_stoo

Timu imefika imelishughulikia, wamelipooza kwa maji toka mbali kwanza ndo wakaendelea, mimi nilikuwa nje. Wameniachia vizibo vyenye tundu vya mengine yote. Wiki hii tunaziba ule mfereji na kujenga kuta fupi. Swali la mwisho, kwenye kona ya vitu vya kufyonzea kemikali zikimwagika nilikuta magunia ya vumbi la mbao, yatumike kwa kemikali zote?

kemia_wa_zamu

Kwa oili sawa. Kwa peroksaidi na kwa tindikali ya nitriki kama mtaileta siku moja, vumbi la mbao linashika moto, kwa hiyo usiliache stoo hiyo kabisa maana siku ya haraka mtu atachukua lililo karibu. Weka mchanga mkavu au vemikulaiti (chembe za madini zinazofyonza, haziwaki) na koleo la plastiki. Na kabla ya kuta hakikisha bomba la kuoshea macho liko karibu na maji yanatoka kweli, tindikali ikiingia jichoni unaosha dakika 15 bila kuacha huku mtu anaita gari, wengi wanaosha mbili wanaona inatosha.

mzee_wa_foklifti

Na hizo kuta fupi ziwekeeni mlango wa mteremko, au foklifti yangu itaingilia wapi?