Maduka ya Kihindi na ya Kichina Nairobi: tupeane uzoefu wa kununua

Mnaonunua Ngara, Parklands na Kilimani, mgeni aangalie nini kwenye rafu? Bei tuziache, zinabadilika. Semeni matumizi.

Mpishi wa South B: Kwa Wachina anza na tarehe. Pakiti nyingi huandikwa siku ya kutengenezwa, mwaka ukitangulia. 生产日期 ndiyo siku hiyo, 保质期 ni muda wa kukaa. Ukiona 2025-03-10 na 18个月, ongeza miezi 18: mwisho wake ni Septemba 2026. Asiyejua huirudisha bidhaa nzima akidhani imeharibika.

Sosi ya soya nayo ni mbili. 生抽 ni nyepesi, ya chumvi, ndiyo ya ladha. 老抽 ni nzito, ya rangi. Kijiko kimoja cha chai kinatosha sufuria ya watu wanne. Ukiimimina kama ile nyepesi, nyama itakuwa nyeusi na ladha bado haijafika. Chumvi uitie mwishoni, ukishaonja.

Binti Pwani: Divai ya Shaoxing (ya mchele, ya Kichina) na mirin (tamu, ya mchele, ya Kijapani) zina kileo. Alama 猪 ni nguruwe, na hujificha hata kwenye viungo vya tambi za pakiti. Usipoiona, bado si kibali; tafuta nembo ya halali.

Kachumbari: Mchele wa kunata (糯米) usiupikie pilau. Ni uji utakaopata. Uloweke usiku kucha, kisha uupike kwa mvuke.

Jirani wa Ngara: Kwa Wahindi kinachochanganya ni dal, yaani punje za jamii ya kunde, maana tatu kati yake ni za njano. Toor ni mbaazi zilizokobolewa na kupasuliwa. Chana ni dengu, punje nene, ngumu kuiva: loweka angalau saa moja. Moong ya njano ni ndengu (choroko) iliyotolewa ganda. Hiyo haihitaji kulowekwa. Ukizitia sufuria moja kwa wakati mmoja, moong itapondeka huku chana ikigonga meno. Kuna pia toor iliyopakwa mafuta ili wadudu wasiiingie. Inateleza mkononi, haijaharibika, ioshe kwa maji ya vuguvugu mpaka yatoke safi.

Mvuje wa kopo, kile kiungo cha harufu kali wanachokiita hing, huchanganywa na unga, mara nyingi wa ngano, kwa hiyo asiyekula ngano asome kibandiko. Chukua kiasi cha ncha ya kisu, utie kwenye mafuta ya moto sekunde chache kabla ya kitunguu. Ukizidisha, mchuzi unakuwa mchungu. Kopo lifungie ndani ya kopo jingine, la sivyo hata majani ya chai yatanuka.

Kachumbari: Na tofu, ile ya soya?

Mpishi wa South B: Ya kukaanga ni ile ngumu. Ile laini kama maziwa mgando ni ya supu, itavunjika kwenye kikaango. Ile ngumu ifunge kwa kitambaa, weka kitu kizito juu dakika 15, maji yatoke. Ikiwa na maji mafuta yataruka na haitakauka. Iliyobaki izamishe kwenye maji ndani ya friji, ukiyabadilisha kila siku. Ikianza kuteleza au kunuka uchachu, tupa.