Tupeane uzoefu: usiku imenyesha, asubuhi njia yako ya baiskeli ikoje?

Wadau, hamjambo. Nimefungua uzi huu kwa sababu Jumapili iliyopita niliwaharibia siku wenzangu wanne, na kosa lilikuwa langu.

Mimi ni wa Nakuru. Napanda baiskeli kwenye miteremko ya Menengai, na huku mvua ya usiku ni zawadi. Udongo wetu umetokana na majivu ya volkano na vile vijiwe vyepesi vyenye matundu. Mwezi wa pili njia huwa unga mtupu: gurudumu la mbele linazama kwenye kona, na wa nyuma hamwoni wa mbele kwa vumbi. Mvua ikipiga, maji hunywewa upesi, unga unashikana, na baada ya saa chache unakata kona bila wasiwasi. Nimezoea hivyo: imenyesha, twende.

Kwa mazoea hayo tukapakia baiskeli kwenye matatu hadi Ahero, kule tambarare za Kano. Hatukumaliza mita 200 kutoka barabarani. Udongo mweusi ulishika tairi, tairi likaokota nyasi, nyasi zikabeba udongo zaidi, mpaka gurudumu likakwama kwenye fremu. Nachokora kwa kijiti, nasukuma hatua kumi, limejaa tena. Mwenzetu mmoja akakanyaga pedali kwa nguvu ili ajinasue. Mkono wa gia wa nyuma ukapinda, ukaingia kwenye spoki. Tulirudi tumebeba baiskeli mabegani, na kila moja ilikuwa nzito maradufu.

Naomba wa Kano, Kakamega, Kericho na kwingineko mtueleze ya kwenu.

Wa Ahero: Pole sana ndugu yangu. Mfinyanzi huu ukinywa maji huvimba, ukikauka husinyaa na kupasuka, kwa hiyo una hatari mbili, si moja. Mwaka juzi, Januari, jua kali, gurudumu langu la mbele liliingia kwenye ufa hadi kwenye rimu. Niliruka juu ya usukani, nikavunjika kidole. Siku nzuri ziko katikati, jua likishawaka siku kadhaa na nyufa hazijafunguka. Mimi huokota donge nikaliviringisha kiganjani. Likikubali kama unga wa chapati, narudi nyumbani. Likimeguka, napanda.

Tena usitazame mawingu ya Ahero peke yake. Mto Nyando unatuletea maji ya milimani. Nimeshawahi kukuta njia iko chini ya maji na hapa hakujadondoka tone.

Wa Kericho: Hayo maji yanatoka kwetu! Huku cha kutazama ni saa. Mchana upepo wa ziwa unapanda huku juu na unyevu wake, na ikifika saa nane, saa tisa, ngurumo zinaanza. Mara nyingine ni mvua ya mawe. Mimi saa kumi na mbili na nusu asubuhi niko njiani, saa sita niko nyumbani. Aliyelala akaanza safari baada ya chakula cha mchana, huyo ataishia kujikinga chini ya paa la kituo cha kupimia majani ya chai.

Dada wa Kakamega: Kwetu mvua ikikatika, njia haijapona. Pembezoni mwa msitu jua halifiki chini, na mizizi hubaki na maji siku mbili, tatu, huku barabara ya nje inatimua vumbi. Udongo mwekundu ukilowa juu tu, chini bado ni mgumu, unateleza kama mrenda. Nilianguka kwa sababu nilishika breki juu ya mzizi uliolala mshazari. Siku hizi napunguza mwendo kabla ya kuufikia, naukata kwa pembe ya mraba, na nikiwa juu yake sigusi breki wala sikati kona. Upepo wa tairi nao napunguza, kutoka pauni 35 hadi 25.

Wa Naivasha: Kwenye upepo, nyongeza kidogo. Dada ana udongo na mizizi. Penye mawe makali usipunguze hivyo kama unatumia tyubu. Jiwe likilibana tairi kwenye rimu, tyubu inatoboka mara mbili, sambamba, kama meno ya nyoka. Huku kwetu, kwenye hifadhi ya taifa ya Hell's Gate, baiskeli zinaruhusiwa, na kuna vipande vya jiwe jeusi la volkano linalokata kama kioo. Na kwenye korongo lenyewe, mawingu yakifunga mahali popote juu, msiingie. Maji huja ghafla na hayaleti habari.

Mzee wa Maragoli: Nimewasoma wote, ila hakuna aliyeitaja njia yenyewe. Hapa kwetu jiwe ni la matale, na tairi hulishika vizuri hata likilowa, isipokuwa palipoota ukijani. Taabu iko kwenye udongo ulio kati ya mawe. Vijana walishuka mlima huu udongo ukiwa bado tope, tena wamefunga breki, magurudumu yanaburuta. Kila tairi liliacha mfereji mwembamba. Mvua iliyofuata ikaufuata mfereji huo huo, na kufikia mwezi wa tano ulikuwa unanifika magotini. Hiyo ndiyo njia ya watoto kwenda shule na ya akina mama kwenda kisimani. Tuliijaza kwa mawe na mikono yetu. Wanangu, udongo ukiwa laini hivyo, shukeni mtembee, au mngoje.

Mwenye uzi: Mzee, shikamoo. Umenigusa, maana kule Ahero tuliacha alama zinazoingia kiganja kizima, kwenye kijia cha watu wanaokwenda mashambani. Nina jembe na wenzangu watatu wamekubali kuja. Ndugu wa Ahero, Jumamosi patafaa kusawazishwa?

Wa Ahero: Leo jioni imenyesha tena. Subiri, Ijumaa nitaviringisha donge nikwambie.