Uliyepungua uzito ukabaki hapo hapo mwaka mzima, hebu njoo. Tupeane uzoefu

BintiFuoni
Assalaam aleikum. Jana nilikuwa shughulini Kikwajuni. Tumekaa mkekani tunangoja sinia, mama mmoja wa makamo akanishika tumbo kabisa, kwa mkono, akasema: "Mashaallah mwanangu, lini unajifungua?" Sina mimba. Mwanangu wa mwisho yuko darasa la pili.

Nikamwambia asante. Biriani likaja, nikalila kwa hasira, nikaongeza.

Nina kilo 91, urefu mita 1.58. Nishapungua mara tatu maishani mwangu: kilo 9, kilo 12, kilo 7. Zote zimerudi, na zimerudi na wageni. Kwa hiyo aliyeanza wiki iliyopita namtakia kila la heri lakini simtaki hapa. Namtaka aliyetimiza mwaka. Na aniambie anakula nini kwenye sufuria moja na mume, watoto na mama mkwe, maana hizi za mayai mawili na parachichi peke yako chumbani mie siziwezi. Kwetu ukila peke yako unaulizwa umekasirikia nini.

MzeeWaBao
Funga Jumatatu na Alhamisi. Yamekwisha.

Mama Shuu
Sheikh, hizo mie nazifunga miaka kumi sasa na kilo zinapanda. Tatizo si mchana, tatizo ni magharibi. Tende tatu, kaimati saba, uji bakuli, muhogo wa nazi, kisha naambiwa "chakula chenyewe bado".

MzeeWaBao
Hiyo si funga, hiyo ni kuahirisha.

Mlandege_1
😂😂 kuahirisha

KijaniAsilia
Dawa ipo ya mitishamba, haina madhara, kitambi siku 7 tu. Njoo chemba.

Kijana wa Chake
Dada mie ushauri wangu nenda Pemba msimu wa mchezo wa ng'ombe. Simama karibu na kamba. Utakimbia bila ya kocha.

Somo wa Wete
Huyo wa siku 7 kanikumbusha mambo. Nimeyaficha miaka sita, leo nayasema.

Mdogo wangu alikuwa anaolewa Wete, Pemba, mie naishi Unguja. Sare tulishona mapema, zambarau, kabla ya mfungo wa Ramadhani. Ramadhani mnaijua wenyewe. Nikalijaribu gauni wiki mbili kabla ya harusi, zipu inafika nusu ya mgongo inagoma. Fundi akaligeuza nje ndani, akanionesha: hakuna nafasi ya kufungulia, kitambaa amekibana.

Jirani yangu akaniambia sanamaki, yale majani ya kuharisha. Chemsha, kunywa usiku, asubuhi mambo yamekwisha. Nikanywa siku tisa. Mwanzo kikombe, kisha viwili. Mchana nakula matango na maji ya ndimu. Na mzani kweli unashuka, siku ya sita kilo nne na nusu hazipo. Zipu ikapanda mpaka juu! Nikajiona mjanja kuliko watu wote, nikasema basi na asubuhi ya safari ninywe cha mwisho, gauni likae vizuri zaidi.

Boti ilipofika mkondo wa Nungwi bahari ikachafuka. Waliokwenda Pemba kwenye kusi kali wanajua: inanyanyuka, inakaa juu kidogo kama inayofikiri, kisha inajitupa. Kila mtu na mfuko wake mdomoni. Mie tumbo limeshika. Nikenda chooni kwa kushikilia viti, mlango umefungwa, mtu yumo ndani anatapika. Nimesimama nimekishika kitasa, nasoma kila sura niliyofundishwa chuoni. Jasho la baridi likanitoka. Masikio yakaziba kama aliyezama. Vidole vikaanza kujikunja vyenyewe, navikunjua havikunjuki. Baada ya hapo sijui.

Nilipofumbua macho nimelazwa njiani katikati ya viti, kichwa changu kiko mapajani kwa mwanamke nisiyemjua. Kanifungua ninja ya usoni, ananipepea kwa kipande cha boksi. Na baibui langu… mniache hapo hapo. Yule mama alikuwa kavaa kanga doti nzima juu ya nguo zake. Akaivua ya chini, akanifunga kiunoni, akanifuta mikono kidole kwa kidole kama anavyofutwa mtoto. Hakuniuliza kitu hata kimoja. Watu walipotaka kusogea akawaambia "ana mimba changa huyu, mpisheni". Kanisitiri kwa uongo, Mungu amsamehe na amlipe.

Bandarini Mkoani nikapelekwa hospitali moja kwa moja. Dripu chupa tatu. Daktari kijana ananiuliza umekula nini, nasema labda samaki. Akaniangalia, akasema taratibu: "Dada, sanamaki?" Kumbe mie si wa mwanzo.

Harusini nilifika. Zile dripu zimenijaza maji, zipu haikupanda hata nusu. Picha zote za harusi watu wako zambarau, mie niko pembeni na dira la njano la mama. Albamu ikitolewa kila mgeni anauliza "na huyu?"

Ile kanga ninayo. Imeandikwa USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO.

Mlandege_1
Ya Rabbi 😳

Ndege Tausi
Shoga nimecheka nikalia, nimelia nikacheka. Huyo mama hukumpata tena?

Somo wa Wete
Sikumpata. Alishuka na kanga moja.

Kijana wa Chake
Boti gani hiyo?

Somo wa Wete
Boti haina kosa. Mwenye kosa ni mie na birika langu.

NesiMstaafu
Wanangu, hapa niruhusuni. Sanamaki inafanya kazi kwenye utumbo mpana. Chakula mwili unakichukua kabla, kwenye utumbo mwembamba. Kwa hiyo ikifika zamu ya sanamaki, ule wali umeshaingia mwilini zamani. Unachokitoa ni maji na chumvi. Ndiyo maana kilo zinashuka haraka na zinarudi ukinywa maji tu. Katika hizo chumvi imo potasiamu, na moyo haupigi sawasawa ikipungua. Vidole kujikunja na ganzi ni dalili kwamba chumvi za mwilini zimevurugika. Mwanangu ulikuwa pabaya kuliko unavyodhani.

BintiFuoni, 91 ukigawa kwa 1.58, ukagawa tena kwa 1.58, unapata 36. Kuanzia 30 ndiyo tunaita unene uliopindukia. Lakini usiutazame mzani peke yake, chukua futi ya cherehani ujipime kiuno. Mwanamke akizidi sentimita 80, mwanamme 94, hatari ya sukari na presha inaanza kupanda. Na huhitaji kuwa mwembamba kama fimbo: ukipunguza asilimia tano mpaka kumi tu ya uzito wako, kwako ni kilo 5 hadi 9, sukari na presha zinashukuru.

KijaniAsilia
Yangu si sanamaki ni majani tofauti. Njoo chemba.

Mama Shuu
Wewe ndiye uliyemuuzia yule wa kwenye boti!

Ndege Tausi
Mfungieni huyu mtu.

Bububu502
Mie nimetimiza mwaka, nimetimiza mitatu. Nilikuwa 104, sasa 90, mara 89, mara 92. Miezi kumi na tisa kuzitoa hizo kilo 14. Najua haivutii.

Sikuanza na chakula, nilianza na gari. Nafanya kazi mjini, narudi na daladala ya 502 na nilikuwa nashukia mlangoni kwangu Bububu. Siku moja konda akanipitiliza nikagombana naye kwa hatua zisizofika mia. Nikaingia ndani natweta, mke wangu ananitazama tu. Kesho yake nikashukia Kibweni kwa makusudi, nikamalizia kwa miguu. Miezi miwili mzani haukusogea hata kidogo, nikajisemea haya mambo ya wazungu. Ila usingizi ulikuwa mtamu, nikaendelea kwa ajili ya usingizi. Baadaye nikawa nashukia Mtoni.

Chakula sasa. Hatukubadilisha kitu hata kimoja, tulibadilisha tui. Mke wangu alikuwa anatia kasimile, lile tui zito la kwanza, kwenye wali na kasimile kwenye mchuzi. Sasa wali anapikia tui la pili, kasimile kidogo anatia kwenye samaki mwisho. Watoto hawakujua. Na nimeacha kula kwenye sinia usiku. Siyo kwa ubaya: kwenye sinia hujui umekula kiasi gani, na mtoto akiacha chake unamalizia wewe. Nina bakuli langu la udongo. Likiisha limeisha. Mama yangu alinuna mwezi mzima juu ya hilo bakuli.

Ramadhani napanda kilo tatu. Kila mwaka. Mpaka mfunguo tatu zimeshuka. Sigombani nazo tena.

Kijana wa Chake
Tui mnalionea. Babu zangu wamekula tui maisha yao yote, hakuna aliyekuwa na kitambi.

Bububu502
Babu zako walikuwa wanapanda mikarafuu. Wewe unapanda boda.

Kijana wa Chake
Msituletee uunguja. Nyinyi mnakula urojo saa kumi jioni kisha mnasema tui. Bajia, kachori, mishkaki, chipsi za muhogo juu, halafu mtu anasema "nimekula kitu kidogo".

Mlandege_1
Urojo usiguswe tafadhali.

NesiMstaafu
Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, gramu moja ya wanga ina 4. Bajia na tui wote wamo, msigombane. Swali ni kiasi gani na mara ngapi.

Sharifu Mtulivu
Haya ya kula ni sawa. Lakini jamani hawa wanawake wanaokimbia Maisara jioni, ni fitna. Mwanamke afanye mazoezi nyumbani.

Ndege Tausi
Fitna ni kitambi chako kinachotangulia msikitini. Wewe uko safu ya pili, chenyewe kishafika safu ya kwanza.

Mlandege_1
😂😂😂 jamani

Sharifu Mtulivu
Sikutukana mtu mie.

Ndege Tausi
Hukutukana lakini ulikuwepo Maisara unatazama, kwani umejuaje? Mie nakimbia na dira, suruali ndani, mtandio nimeubana kwa pini nne. Tulianza watatu baada ya alfajiri, giza bado, kwa sababu ya macho kama yako. Sasa tuko kumi na moja. Tunazunguka uwanja, tunanunua muhogo wa kuchoma, tunarudi. Nimepungua kilo sita tu kwa mwaka na nusu, lakini presha dawa nimepunguziwa, na daktari ndiye aliyenipunguzia, sikujipunguzia mwenyewe.

Mama Shuu
Kilo sita na muhogo wa kuchoma. Hapo nakuja.

Mkaazi wa Michenzani
Mie naishi ghorofa ya tano, lifti sijawahi kuiona, nashuka na kupanda kila siku na ndoo, na nina kitambi bado. Nani anaweza kunieleza?

MzeeWaBao
Unapanda na ndoo ya nini?

Mkaazi wa Michenzani
Maji. Na soda.

NesiMstaafu
Umejijibu. Shirika la Afya Duniani linasema angalau dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa haraka, ambazo ni nusu saa kwa siku tano. Soda inakula jasho lako lote kabla hujafika ghorofa ya tatu. Na mwenye kunywa vidonge vya sukari au kuchoma insulini asianze kufunga au kukimbia bila ya kumwambia daktari wake, sukari itashuka ghafla. Nimewapokea wengi alasiri za Ramadhani. MzeeWaBao, unanisikia?

MzeeWaBao
Nakusikia bibie. Mie sukari sina.

NesiMstaafu
Umepima lini?

*(siku nne baadaye)*

BintiFuoni
Nimerudi. Nimeyasoma yote, na Somo wa Wete nimekuombea dua.

Juzi nilichukua futi ya cherehani nikajipima: 108. Nimekaa kitandani naitazama ile namba, mama mkwe akaingia bila ya hodi. Nikadhani atasema kitu. Akasema "nipime na mie". 112. Akanyamaza, akaikunja futi vizuri, akaniambia "kesho baada ya alfajiri tutoke".

Tumetoka siku tatu. Tunakwenda mpaka Meli Tano na kurudi. Jana tulisimama mara nne njiani, mbili kwa ajili ya pumzi, mbili kwa sababu bi mkubwa hapiti mlango wa mtu bila ya kumuuliza hali na wajukuu. Viatu kavaa vya skuli vya mwanangu mkubwa.

Bububu502
Hapo sawa. Usiupande mzani mwezi huu.

Mama Shuu
Na kasimile mmepunguza?

BintiFuoni
Jikoni anapika yeye. Hilo bado sijamwambia.